Skrini ya projekta ya nyumbani: ipi ununue ukiwa Lamu au Malindi

Kabla hujauliza bei chukua tepu upime ukuta. Nasema hivi manake watu wanashuka Mombasa, wanaambiwa dukani inchi 120 ndio mpango mzima, wanabeba, kumbe nyumba ya mawe ya Lamu haina ukuta wa hivo. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko tangu enzi hizo, mara nyingi ni mita mbili na nusu na kitu. Skrini ya inchi 120 (hupimwa kona hadi kona) ya 16:9, yaani umbo la TV ya kawaida, upana 16 kwa kimo 9, ina upana wa sentimita 266, na hapo fremu bado. Ya inchi 100 ni sentimita 221 kwa 125, ukitia fremu inakaribia 240, hiyo unaiweka ukuta wa mwisho wa chumba na wewe unakaa mita tatu hadi nne nyuma, raha mustarehe. Malindi nyumba nyingi za sasa zina ukumbi mpana, 120 inaingia, lakini ujue eneo linaongezeka karibu mara moja na nusu na mwanga wa projekta ni ule ule, kwa hivo picha inafifia.

Halafu kuna zile pana zaidi za 2.35:1, za kisinema. Filamu zinapendeza, kweli, zile pau nyeusi juu na chini hazipo. Sasa weka mpira. Skrini ya upana ule ule wa sentimita 221 inakuwa na kimo cha 94 tu, na mechi yako ya 16:9 inabanwa katikati ikawa kama inchi 75, kando kote kutupu. Kwa nyumba ambayo Jumamosi watu wanajaa kwa ajili ya ligi ya Uingereza mimi nasema chukua 16:9, pau nyeusi hazijaua mtu.

Haya, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni ya fremu ya kudumu, ile kitambaa kimevutwa kote kwenye fremu ya alumini. Haina mota, haina springi, yaani chumvi ya bahari haina pa kuanzia sana. Kitambaa kiwe cheupe kisichong'aa, geini (kipimo cha mwanga unaorudishwa na kitambaa) 1.0 au 1.1, usibabaishwe na geini kubwa, hizo katikati panawaka na pembeni giza. Kama kuta zako ni chokaa nyeupe tupu (na nani hana?) mwanga unaruka ukutani unarudi kwenye skrini na weusi unageuka kijivu, hapo skrini ya kijivu ya geini 0.8 inasaidia ila projekta iwe na nguvu. Mapazia ya rangi nzito karibu na skrini yanasaidia vilevile na ni rahisi zaidi.

Namba mbili, ya kuvuta kwa mkono. Bei iko chini, na kama ukuta wako una zidaka, vile vishimo vya kuwekea vyombo, basi hii inapanda namba moja, manake unaining'iniza kwenye boriti inashuka mbele ya zidaka bila kugusa kitu. Ukitaka kubomoa zidaka za babu zako sababu ya skrini hayo ni yako na wenyeji. Shida yake ni mawimbi. Baada ya muda kingo zinajikunja, na kamera ikifuata mpira utaona ule mstari mweupe wa uwanja unapinda ukipita pale, ukishauona mara moja huachi kuuona.

Namba tatu ni ukuta wenyewe. Fundi apige skimu, yaani lipu laini ya mwisho, apige msasa mpaka mkono usikwame popote, kisha rangi nyeupe isiyong'aa. Usicheke, projekta ya kawaida hutaona tofauti kubwa, ila ukuta unaovuta unyevu utabanduka, hapo umepoteza.

Ya mota naiweka namba nne. Ukiitaka lazima iwe ile yenye nyuzi za kuvuta kitambaa pembeni, bila hizo unalipia mawimbi yale yale ila yanashuka kwa rimoti. Na mota ikifa fundi utamtoa wapi?

Zile za kukataa mwanga wa taa za dari ni nzuri mno, ila zimetengenezwa kwa projekta inayokaa chini kabisa karibu na ukuta. Ukiipigia na projekta ya darini picha inakufa. Ghali pia.

Ya miguu mitatu mwisho kabisa. Juu ya paa kwenye upepo wa kusi itaanguka, utaishika wewe mechi nzima. Huko juu turubai nyeupe ya mabango, upande usiong'aa, ifungwe kamba pande zote nne.

Ukishachagua, usilipe kabla haijakunjuliwa. Iache ining'inie dukani hata dakika kumi uangalie kingo, na kitambaa kiwe kimeviringishwa sio kimekunjwa, mkunjo hautoki. Ya kwenda Lamu ifunge nailoni mbili kabla ya boti ya Mokowe, na ile ya kuvuta boksi lake ni refu kupita mita mbili, usimbebeshe punda, tafuta watu wawili, manake vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, vina kona.