Majani ya chai ya kupima pale Mbuyuni, Moshi
Aisee wapenzi wa chai ya rangi mlioko Moshi, kuna mama anauza majani ya kupima soko la Mbuyuni, jumamosi nimekaa kwake karibu saa nzima mana anakuacha unuse na kuonja kabla hujatoa hela. Nikajaribu tatu. Ya Mufindi ni zile punje ndogo za mashine, dakika 3 tu rangi imekolea na ukali unashika ulimi, hiyo hata uweke maziwa bado unaisikia chai yenyewe. Ila iliyoniteka ni ya Usambara, majani marefu meusi yamesokotwa, ukiyamwagia maji ya moto yanajikunjua taratibu mpaka unaona jani zima, rangi ya shaba, harufu inakaribia asali, nimeinywa bila sukari kabisa na kwa kawaida naweka vijiko viwili jamani. Hii usiichemshe kwenye sufuria, inakuwa chungu, mwagia maji ufunike tu. Ya Rungwe imenyonya harufu ya iliki, kaiweka wazi karibu na viungo, nimemshauri atafute kopo lenye mfuniko akakubali vizuri tu. Nimebeba robo kilo ya Usambara.