Karantini ya homa ya nguruwe Dodoma: barabarani alama 4 kati ya 5, bandani 2

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mfugaji wa Dodoma hana chanjo ya kutegemea. Karantini ndiyo kinga kuu anayopewa na serikali, basi ipimwe kama dawa nyingine yoyote.

Barabarani imekaa vizuri. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, eneo likiwekwa karantini, nguruwe na nyama yake haviingii wala kutoka. Wauza kitimoto hulia, lakini ndivyo inavyopaswa, maana virusi hivi hupanda buti, magunia na makombo ya hotelini. Alama moja tunaipunguza kwa sababu kizuizi hukamata gari, kilo 2 za nyama kwenye kikapu hupita. (Mlaji asiogope: binadamu haambukizwi.)

Vipimo navyo haviko mbali. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Dodoma. Mwite afisa mifugo achukue damu kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, isafirishwe kwenye barafu. Usimpasue mzoga ili kuona kilichomuua; damu yake imejaa virusi, na sakafu ya udongo huinywa yote. Mzoga uchomwe au ufukiwe ukiwa mzima.

Bandani ndipo huduma inapopwaya. Mfugaji huambiwa "pulizia dawa", naye hupulizia juu ya mavi. Mavi huimaliza dawa nguvu kabla haijagusa sakafu. Kwangua kwanza, choma matandiko, sugua kwa sabuni, suuza, kisha ndipo dawa. Kostiki soda ni rahisi na inaua: gramu 200 kwa lita 10 za maji, ikae angalau dakika 30. Tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia usoni. Ndoo iwe ya plastiki, kwa kuwa kostiki hula aluminiamu. Vaa glavu, buti na miwani.

Halafu kuna papasi, kupe laini anayefyonza damu, na hapa maelekezo ya jumla hayamsaidii mtu wa Chamwino au Bahi. Aliyelala kwenye tembe, nyumba ya udongo, anamfahamu. Jamii hii ya papasi inaweza kutunza virusi vya homa ya nguruwe kwa miaka, ikijificha kwenye nyufa za kuta za udongo ambako dawa ya kupulizia haifiki. Karantini huondolewa, papasi anabaki, na kundi jipya linaambukizwa. Banda la udongo lililopata ugonjwa livunjwe. Jipya liwe la tofali na saruji, lisiloegemea ukuta wa nyumba.

Kabla ya kujaza banda, weka nguruwe wachache wa majaribio, wasiozidi asilimia 10 ya uwezo wake, uwaangalie kila siku kwa wiki 6. Akilala mmoja na masikio yamekuwa mekundu, simu ya kwanza iende kwa afisa mifugo, siyo kwa mchinjaji.