Sindano ya makunyanzi katika kliniki moja ya ngozi Mikocheni

Kliniki ninayoitathmini hapa ni ya wastani kwa mapambo na ya kuaminika kwa kazi. Sababu ya kuiamini ni kitendo kimoja kilichochukua muda mfupi sana: daktari alitoa kichupa kwenye friji yenye kipimajoto, akanisomesha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha akakifungua na kukichanganya mbele yangu. Kwa huduma ya aina hii, hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na sebule yenye marumaru haiwezi kukifidia.

Dawa yenyewe, ambayo wengi huijua kwa jina la chapa yake moja, Botox, ni sumu, na ni vyema isemwe hivyo waziwazi. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayesababisha watu kupooza na hata kufa kwa kula chakula kilichohifadhiwa vibaya. Msuli hukaza baada ya ncha ya mshipa wa fahamu kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huingia ndani ya ncha hiyo na kuikata protini inayosaidia kemikali hiyo kutoka, hivyo amri haifiki, msuli hutulia, na ngozi iliyo juu yake huacha kujikunja. Haing'arishi ngozi wala haiondoi madoa, ingawa nimesikia ikinadiwa hivyo hapa mjini. Ilianza kama tiba ya macho: Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe, na mwaka 2002 ikairuhusu Botox kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi.

Usalama wake umo katika kipimo. Kwa mikunjo hiyo ya kati ya nyusi, kipimo rasmi cha Botox ni yuniti 20 zinazogawanywa katika sehemu 5, ambacho ni kiasi kidogo mno kuliko kile kinachoweza kumdhuru mtu mzima mwilini kote. Lakini yuniti za chapa moja si sawa na za nyingine. Dysport hutumia 50 kwa sehemu ile ile, kwa hiyo mchomaji asiyejua ameshika chapa gani anabahatisha. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na maelekezo ya Botox yanataka dawa iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa 24. Katika jiji lenye joto kama Dar es Salaam, ambako umeme hukatika, nilitaka kujua friji inategemea nini, nikaonyeshwa jenereta bila manung'uniko yoyote.

Maswali niliyoulizwa kabla ya sindano yalikuwa ya maana: kama nina ujauzito au nanyonyesha, kama nina ugonjwa wa kudhoofika misuli kama vile myasthenia gravis, na kama natumia antibaotiki za jamii ya gentamicin, ambazo zinaweza kuizidishia sumu nguvu. Saluni moja niliyoipitia awali, inayochoma sindano hizo hizo kando ya kubandika kope, iliniuliza tu nitalipa taslimu au kwa simu. Niliondoka. Huyu daktari alinitaka nikunje uso, akaweka alama kwa kalamu, halafu akakataa sehemu ya ombi langu: "Dada, kati ya nyusi nitachoma. Chini ya macho sichomi, kwa sababu pale tatizo ni ngozi iliyolegea, si msuli." Kukataa fedha ya mteja kwa sababu hiyo ni uungwana wa kitaalamu ambao nauheshimu sana.

Mabadiliko yalianza kuonekana baada ya siku chache na kukamilika kama wiki mbili baadaye, kama nilivyoelezwa. Kwa kawaida hudumu miezi 3 hadi 4. Mfereji mmoja wa siku nyingi umebaki, umepungua tu kina. Nilipata maumivu madogo ya kichwa. Wapo wanaoshukwa na kope la juu, dawa inapofika kwenye msuli unaoliinua, na hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lililo nadra na zito zaidi ni sumu kusambaa mbali: ugumu wa kumeza, kuongea au kupumua, ambao unaweza kutokea saa chache au hata wiki kadhaa baada ya sindano, na ambao mtu hapaswi kuusubiria nyumbani bali akimbilie hospitali.

Hapo ndipo kliniki hii iliponivunja moyo. Karatasi ya tahadhari niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza pekee, na simu yao ya maulizo haikupokelewa mwisho wa wiki. Bei nayo hutajwa kwa eneo la uso badala ya yuniti, jambo linalomnyima mteja njia ya kujua amechomwa kiasi gani. Yuniti zangu ziliandikwa kwenye kadi baada ya kuomba. Nimemwandikia meneja kwamba nitarudi kwao, kwa kuwa mkono wa daktari wao nimeukubali, pindi watakapokuwa na tahadhari iliyoandikwa kwa Kiswahili na namba ya dharura yenye mtu wa kuipokea usiku.