Ukulele ya boksi la sigara: shingo safi, kifuniko cha hovyo

Hii ni seti ya kujiundia ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne. Ina boksi la mbao la sigara, zile nene za Kikuba, shingo iliyokwisha kuchongwa, vigingi vinne vya kukazia nyuzi, daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya kifuniko), nyuzi za nailoni na karatasi ya maelekezo. Shemeji aliniletea Kampala kutoka ng'ambo, kwa hiyo nauli siihesabu.

Shingo ndiyo iliyofanya nisijute pesa yangu. Freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, zimekaa sawa, na ncha zake zimepigwa msasa, hazikwaruzi mkono. Kupanga freti kwa rula ni mateso: nafasi zinapungua kadiri unavyoshuka kuelekea boksi, na ukikosea milimita moja sikio linakusuta. Hapo muuzaji kafanya kazi.

Sasa kifuniko. Wanasema mbao, ni karatasi ngumu iliyobandikwa ngozi ya mbao. Ukigonga kwa kidole inajibu du, basi. Na sauti ya ukulele inategemea kifuniko kitetemeke! Nikakipeleka Ndeeba, mtaa wa maseremala hapa Kampala, seremala akanikatia kipande cha plaiwudi cha milimita tatu kwenye masalia yake, elfu tano. Akaniuliza, "Mama, hili boksi ni la redio?" Nilipokibandika, ala ikafunguka mdomo.

Karatasi ya maelekezo isomeni kwa shaka. Shingo inapita ndani ya boksi toka upande hadi upande, lakini hawakuambii uipunguze pale chini ya kifuniko ili kisiiguse. Alama ya daraja nayo imechorwa karibu mno na shingo. Nilipima kabla ya gundi: toka pale nyuzi zinapoanzia, kichwani mwa shingo, hadi freti ya 12 ni sentimita 19, basi toka hapo hadi daraja ziwe 19 nyingine na unywele kidogo. Ukifuata alama yao, sauti ya kila noti unayobonyeza itapanda juu kuliko inavyotakiwa.

Watoto wangu wamezoea adungu, kinubi cha Uganda, ya kanisani, ambayo kila uzi una noti yake na hakuna cha kubonyeza, kwa hiyo vidole viliwauma kwanza. Sasa wanagombania zamu.

Muuzaji akikubali kukuuzia shingo, vigingi na nyuzi peke yake, chukua. Boksi tafuta hapahapa. Nyuzi zitalegea siku za mwanzo, utakuwa unazikaza kwenye noti zake nne, G, C, E, A, kila asubuhi. Nailoni zote ziko hivyo, hilo msimlaumu.