Rimu mpya, tairi za 235/85R16 na springi za Old Man Emu kwenye Land Cruiser ya utalii: uzoefu wangu, Arusha

Land Cruiser yangu ni ya kazi. Ni ile ya injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na tabo, imekatwa na kurefushwa hapa hapa Arusha, ina viti saba na paa la kuinuka. Ilikuwa inatembelea rimu za chuma za pete, zile ambazo unavua pete ya chuma ndipo utoe tairi, na tairi za 7.50R16 zenye tyubu ndani. Sina neno baya kwa rimu zile. Ukiigonga jiwe ikapinda, fundi yeyote wa Mto wa Mbu anainyoosha kwa nyundo na maisha yanaendelea. Kilichonichosha ni tyubu. Pancha ya kwanza unafunga spea. Ya pili ndiyo inakupigisha magoti: gonga pete, vuta tyubu, tafuta tundu kwenye beseni la maji ambalo huna, na wageni wanakutazama kutoka dirishani huku wakiuliza kama simba wapo karibu.

Nikaamua kuhamia tairi zisizo na tyubu, na kwa kuwa springi za nyuma nazo zilishalala, nikafanya yote kwa pamoja.

Kwanza saizi, maana hapa Arusha watu wanapenda tairi pana kwa macho. Ukipita Sakina jioni utaona magari ya utalii yamevaa 285/75R16 yanapendeza kweli, na dereva wake anapambana na usukani kila kona kwa sababu tairi inasugua. Mimi nilitaka kimo kilekile cha 7.50R16. Hesabu yake ni rahisi: 235 mara asilimia 85 ni karibu milimita 200 za ukuta wa tairi, zidisha mara mbili, ongeza milimita 406 za rimu ya inchi 16, unapata milimita 806 hivi. Tairi ya 265/75R16 inakupa 804. Zote mbili zinakaribiana sana na 7.50R16, kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi na gia hazilemei. Tofauti ni upana tu, na nikachukua nyembamba. Sababu yangu ni udongo mweusi wa Ndutu wakati wa mvua. Tairi nyembamba inakata tope inatafuta chini pagumu. Pana inaelea juu yake, inateleza, halafu unaanza kutafuta watu wa kukusukuma. Kwenye mchanga mwingi wenye tairi pana wana haki yao, hilo siwabishii, lakini kazi yangu ni matope na changarawe.

Tairi nilizochukua ni BFGoodrich All-Terrain KO2, zile za mizigo, zenye herufi LT mbele ya saizi. Dukani nilisoma ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT kabla sijatoa hata senti: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2223 ni tairi ya wiki ya 22 ya mwaka 2023. Muuzaji hakufurahia kuona nainama na tochi. Asifurahie tu. Raba huzeeka hata ikiwa kwenye rafu, na kashata nzuri, yaani meno ya tairi, haikuambii umri.

Kwenye rimu nilitaka za aluminiamu, upana inchi 7. Saizi ya 235/85R16 inakubali rimu ya inchi 6 hadi 7.5, kwa hiyo zile za inchi 8 zinazouzwa kila kona, za kuvuliwa kwenye Land Cruiser 100, niliziacha. Zina tatizo jingine pia. Matundu matano yanakaa sawa, milimita 150 kama yangu, na tundu la kati la milimita 110 linaingia kwenye habu bila shida, ila nyingi za magari yale zimeundwa kwa mguu wa mbele usio na ekseli moja, kwa hiyo zinaingia ndani mno. Ukizifunga kwenye gari lenye ekseli ngumu mbele kama langu, gurudumu linasogelea springi na mikono ya usukani. Muuzaji atakuambia "zinaingia hizo, kaka". Kuingia zinaingia. Muulize zikikata kona zinagusa wapi.

Kazi yenyewe nilimpelekea mzee mmoja mwenye gereji Unga Limited. Si gereji ya vioo na kahawa. Ni uwanja wa mafuta na vyuma, turubai moja na mbwa wawili, lakini mzee ana kitu ambacho gereji nyingi za hapa mjini sijakiona kikitumika: spana ya torki, ile inayolia tak mkononi ukifika kipimo.

Kabla hata hajagusa rimu, alinyanyua gari kwa jeki, akashika kila gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. La kushoto lilikuwa linacheza. Akamwambia dogo akanyage breki, akatikisa tena, kucheza kukaisha. Akasema ni beringi za habu, maana kama kungekuwa kwenye nako, kile kiungo kinachogeuza gurudumu ukikata kona, breki isingebadilisha kitu. Akafungua, akaosha kwa petroli, akapaka grisi mpya na kukaza upya. Hii sikuwa nimeiomba na alinitoza elfu arobaini, na naona ilistahili kila shilingi. Kufunga tairi mpya juu ya beringi inayocheza ni kuzichinja tairi zako mwenyewe.

Halafu zikaja nati.

Duka lililoniuzia rimu lilinipa nati mpya kwenye mfuko wa nailoni, zinang'aa. Mzee akachukua moja, akaigeuza kiganjani.

"Mwanangu, hizi kakupa nani?"

"Zimekuja na rimu, mzee."

"Zimekuja na rimu za watu wengine."

Akanionyesha. Rimu za chuma zina tundu lenye mteremko, na nati yake ina kichwa cha pia, yaani chenye umbo la koni, kinachokaa kwenye mteremko ule. Rimu hizi za aluminiamu tundu lake ni bapa; nati yake inatakiwa kuwa na shingo ndefu inayozama ndani ya tundu na washa bapa inayokandamiza juu. Ukifunga nati ya pia kwenye tundu bapa, inagusa ukingo tu, kijistari chembamba cha chuma juu ya aluminiamu laini. Siku hiyo inakaza vizuri, hata spana inalia tak. Baadaye ukingo unaliwa, nati inalegea, na gurudumu linaanza kucheza kwenye boliti. Wengi wetu tumeshaona Land Cruiser imekaa kando ya njia na gurudumu lake liko mita hamsini mbele.

Nilirudi dukani. Kijana wa kaunta alishikilia kwamba nati ni nati, uzi ni uleule wa M14. Uzi ni uleule kweli, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Mwishowe nilinunua seti sahihi kwingine, za kuvuliwa lakini za Toyota zenyewe, na fedha ya zile zinazong'aa hawajanirudishia mpaka leo.

Kwenye kukaza, dogo alikuja mbio na mashine yake ya upepo. Mzee akamzuia kwa jicho tu. Mashine ya upepo kwake ni ya kufungulia. Kufunga ni kwa mkono, nati moja kisha ya upande wa pili, kwa mtindo wa nyota, mpaka gurudumu limekaa, kisha gari linashushwa na torki inamalizia. Kipimo alichotumia ni Newton-mita 131 kwa rimu za aluminiamu. Za chuma za gari hilihili huenda hadi 209. Ukiwauliza mafundi wengi watakuambia kaza mpaka ushindwe, na ndivyo boliti zinavyokatika siku ya safari.

Spea zangu ni mbili. Moja ni rimu mpya, nyingine nimebakiza ile ya zamani ya chuma yenye tyubu. Kwa hiyo ndani ya boksi la vifaa kuna nati tano za pia, zimefungwa kwenye kitambaa. Nati zenye shingo hazikai kwenye rimu ya chuma. Dereva atakayeazima gari langu lazima ajue hilo kabla hajaondoka, na nimeliandika kwa maka peni kwenye kifuniko cha boksi.

Springi na shokapu nilizofunga ni Old Man Emu, kampuni ya ARB ya Australia, za kuinua kama inchi mbili na kubeba mzigo wa kudumu. Hapa nitasema mambo machache ambayo niliyaona yanafanywa sawasawa. Yubolti za zamani, zile boliti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, hazikurudishwa. Zikishakazwa mara moja zinakuwa zimevutika. Bushi za mpira hazikukazwa gari likiwa hewani. Mzee alizishikiza tu, akashusha gari likasimama kwa magurudumu yake, akaingia chini na kukaza. Ukikaza gari likining'inia, ukilishusha mpira unajisokota na unaishi umesokotwa, unapasuka mapema, na wewe unailaumu kampuni.

La tatu ni breki. Nyuma ya gari hili kuna vali iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Inapima mzigo kwa umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi likiinuka inchi mbili, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari limejaa wageni na mizigo, unashuka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na breki za nyuma zimesinzia. Mzee alitengeneza kipande cha chuma kurudisha fimbo ile kwenye mkao wake. Ukibadilisha springi mahali pengine, uliza swali hili. Jibu litakuambia umefika kwa fundi au kwa mfunga nati.

Mbele, kuinua gari kwenye ekseli ya aina hii kunapunguza mlalo wa nyuma wa mguu, ule mafundi wanaouita kasta, na usukani unakuwa mwepesi na mzururaji ukifika spidi 80 kwenye lami. Tulifunga bushi za kurekebisha. Kupima magurudumu nilienda kwingine mjini, wakataka kunitoza kwa "kurekebisha" mlalo wa magurudumu kwenda ndani na nje, kitu ambacho kwenye ekseli moja ngumu hakina hata nati ya kuzungusha. Kinachorekebishwa ni tairodi, fimbo ya usukani inayounganisha magurudumu ya mbele, basi. Nililipia hiyo moja. Kubalansi ilikuwa elfu kumi kwa kila gurudumu.

Safari ya kwanza nilisimama Makuyuni, kama kilomita 80 kutoka mjini, nikakaza tena nati zote kwa mkono. Mbili zilikubali robo ya mzunguko. Yubolti nilizirudia baadaye gereji. Lodoare, kwenye geti la Ngorongoro, lami inapoishia, nikapunguza upepo: psi 28 mbele na 34 nyuma badala ya 34 na 42 ninazotumia lamini nikiwa na wageni kamili. Kule kushuka kutoka kreta kuelekea Naabi, geti la Serengeti, barabara ina mawimbi kama bati, na hapo ndipo fedha yangu niliiona. Zamani ukipita pale kila kitu ndani kinaimba, mpaka friji ya maji. Sasa gari linakanyaga. Shokapu zilikuwa za moto tulipofika getini, lakini hazikuwa zimechoka. Za zamani kufikia Naabi zilikuwa zimeshakata tamaa.

Ndutu tulikuta tope la wastani, tairi zikakata kama nilivyotarajia. Lakini kashata za AT, yaani All-Terrain, zikijaa udongo mweusi ule zinakuwa laini kama kipara, na hakuna AT isiyo hivyo. Anayeingia kule masika yote achukue MT, tairi za matope, na avumilie kelele. Njia ya Natron, ile ya Selela na Engaruka hadi Ngare Sero, ina mawe ya volkano yenye makali ya kisu. Nilipata pancha moja katikati ya kashata, nikaiziba kwa uzi wa raba bila hata kuvua gurudumu, nikajaza kwa kompresa, wageni hawajamaliza kupiga picha za Ol Doinyo Lengai.

Mabaya yapo. Gari likiwa tupu, nyuma linarukaruka. Springi hizi zinataka mzigo, na kurudi Arusha bila wageni mgongo unajua. Rimu ya aluminiamu ikipigwa na jiwe vibaya haipindi kama chuma, inapasuka, na hakuna nyundo ya Mto wa Mbu itakayoiokoa, ndiyo maana ile spea ya chuma siiuzi. Gharama nayo: ufundi wote haukufika laki nne, lakini tairi tano na springi vilikula msimu mzima wa kazi. Mwenye gari la kwenda Moshi na kurudi, au la shamba Usa River, asijisumbue. Abaki na 7.50 na tyubu zake.

Na mlango wa nyuma bado. Spea inayobebwa pale ni nzito kuliko ile ya zamani, bawaba zimeanza kulia na mlango unashuka kidogo ukifunguliwa. Mzee anataka kuihamishia spea kwenye mkono wa chuma utakaoshikwa na bampa badala ya mlango. Bei ameshaitaja, tunaendelea kuvutana.