Ukumbi wa shule ya mtaani kwetu, Tabora

Kwa netiboli, ukumbi huu nausifu bila kusita. Uwanja kamili wa mita 30.5 kwa 15.25 umeenea, na waamuzi bado wana njia ya kukimbia pembeni. Mabinti wetu wakijiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hawachomwi tena na jua la saa nane, jambo lililonifurahisha sana kama mama wa mchezaji. Mahafali nayo hufana.

Harusi za Desemba, hapana. Mvua ikipiga bati, MC hasikiki hata akipaza spika, na choo cha wanawake ni kimoja tu! Kodi ya ukumbi ingeanza kujenga vyoo, maana hao mabinti wanavihitaji kila siku.