Boila (mtambo wa kuchemsha maji kupata mvuke) ya makapi au ya dizeli kiwandani Kigoma?

Ukikamua mawese, makapi ya chikichi na maganda ya mise (kokwa za chikichi) yamejaa uani, bure. Hapo kwa gharama dizeli haifui dafu: joto la lita 1 ni sawa na la kilo 2 hadi 3 tu za kuni kavu. Ila masika makapi yakilowa, moshi unakuwa mweusi na mshale wa geji ya presha unashuka huku pipa la chikichi halijachemka. Yaanike chini ya bati, tena mapema.

Dizeli unabonyeza swichi tu. Kwa msindika juisi, anayetaka joto lisiyumbe, raha yake ndiyo hiyo. Naye makapi angeyanunua na kuyasafirisha.

Matunzo? Makapi yanadai kuzoa majivu kila siku. Dizeli inadai kutunza chujio na nozeli (kitundu kinachopuliza mafuta). Maji magumu (yenye chumvichumvi) huziharibu boila zote mbili.